Upinde Uliobeba Pazia

Mabawa, Tanga
9 Machi 2023

Mzee wangu Zabron,

SHIKAMOO. Nimeiandika kwa herufi kubwa maana ya mdomo najua haikufikii. Bertha binti yako akikwambia simu ni rahisi zaidi, mwambie Kombo hawezi kuongea na simu uliyoifungia kabatini pamoja na soksi. Tangu ile mashine ya kuchakata mkonge ikumalize masikio, sauti yangu kwako ni karatasi, na Noa wa basi la Maramba ndiye koo langu. Anazibeba barua zetu kwa moyo mmoja kwa sababu namchekesha.

Habari ya huku ni kwamba upinde na mimi tunaonana kila Jumamosi. Natoka alfajiri, nakwenda hadi lile shamba la mkonge lililoachwa nyuma ya Nguvumali, natundika gunia la makumbi ya nazi, nahesabu hatua arobaini, tena hatua zangu mimi, si zako za mtu mfupi, kisha nalifundisha gunia adabu. Jumamosi iliyopita nilipiga mishale sita. Mitano tumboni. Wa sita ulichukuliwa na upepo, na upepo huo nitaushtaki.

Nina watazamaji siku hizi. Alexander, fundi cherehani, anakuja na kiti chake. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, bwana wee, mimi nimepika kwenye meli miaka sita, nimeuona Durban, nimeuona Karachi, nimewaona Waturuki wakirusha mishale ya plastiki mbele ya hoteli ili wapigwe picha. Lakini mpiga upinde wa kweli nilimkuta mnadani Maramba mwaka elfu mbili na kumi na nne, siku niliyopeleka sufuria zangu kuuza. Mtu mfupi wa Kinyiramba, kavaa koti la kanisani, kalipiga papai lililokuwa juu ya nguzo, na wala hakugeuka kutazama kama watu wanamshangilia. Mimi ningegeuka. Mimi ningezunguka mnada mzima. Basi nikaziacha sufuria na kumfuata mtu huyo mpaka kwake.

Shule niliishia darasa la tano, lakini kwako nilikaa miaka sita, kila mwezi nakuja. Ndiyo elimu niliyomaliza.

Mwanao, bega la chuma,
Kombo


Maramba
2 Aprili 2023

Kombo mwanangu,

Marahaba. Herufi kubwa zilifika. Usizirudie. Mimi ni kiziwi wa masikio, macho ninayo.

Nimefurahi kwamba unafanya mazoezi. Hukuniandikia habari ya kidole. Mtu anayevuta upote, kamba ya upinde, kila wiki, ngozi ya kidole chake cha shahada huwa ngumu kama kwato, kisha hupasuka, kisha hupona ikiwa ngumu zaidi. Niambie chako kimefika wapi.

Ule ufito wa mti wa mkole niliokukatia bado uko kwenye dari la jiko. Mwaka wa tano huu unakula moshi. Nimeushusha juzi nikaupima kwa mkono. Uko tayari. Unaijua njia ya baba yangu. Alipotoka Iramba kuja kukata mkonge hakuwa na mzigo, alikuwa na kisu na njia hii tu: mwalimu anakata mti kwa kimo cha mwanafunzi wake, mti ukikauka wanaukwangua pamoja mpaka uwe upinde, na siku hiyo mwanafunzi anakuwa mtengenezaji. Njoo mwezi wa sita, mvua zikiisha.

Bertha ameniomba tena nimfundishe. Nimemjibu kama nilivyomjibu mwanzo, kwamba mkono wangu umeshikwa. Mwalimu ana mwanafunzi mmoja. Mpaka huyo amalize, au aje kwa miguu yake aseme mbele yangu "nimeacha", siwezi kumpa mtu mwingine kisu. Kwa karatasi haiwezekani, na kwa kumtuma mtu haiwezekani. Baba aliishika hivyo, nami naishika hivyo. Bertha alikasirika, akaenda kupalilia mihogo iliyokwisha kupaliliwa.

Msalimie mkeo Tausi.

Zabron


Mabawa, Tanga
18 Mei 2023

Mzee wangu,

Shikamoo, kwa herufi ndogo kama ulivyoagiza.

Umeulizia kidole. Mzee, kidole hiki kimekuwa kigumu hata juzi mbuzi ya nazi ilipovunjika meno, Tausi aliniita mimi jikoni nikae badala yake. Siku daktari akitaka kunitoa damu itabidi aje na keekee.

Ila mwezi wa sita unanibana. Sabiha, mpwa wangu, anaolewa Pangani, na mjomba mtu ndiye mimi. Harusi isiyokuwa na mjomba wa kuzungumza inakuwa msiba wenye pilau. Nikitoka huko ni Idd. Nipe mpaka mwezi wa nane, nije tuufanye ule mti kazi inayostahili. Kitu kilichokaa moshini miaka mitano hakitanikimbia kwa miezi miwili.

Na Bertha mwambie asinune. Ukishanimaliza mimi, mkono wako si utakuwa mtupu? Angoje kidogo. Mihogo itafaidika.

Mwanao,
Kombo


Maramba
3 Julai 2023

Kaka Kombo,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini ukipigiwa unacheka, halafu unampa wifi Tausi aongee. Barua huwezi kuicheka kabla hujaimaliza.

Jumamosi ile kabla ya Idd kwaya yetu ilikuja Tanga. Tulipopewa mapumziko asubuhi nikasema nije Mabawa nikusalimie, kisha labda nikufuate huko Nguvumali nikuone ukipiga. Kusema kweli ndicho kilichonileta. Wifi alinikaribisha vizuri sana, akanipa chai na vitumbua. Nikamuuliza, kaka yuko mazoezini? Akaniuliza, mazoezi ya nini. Akasema uko barazani kwa jirani tangu asubuhi, unacheza dhumna.

Nikainua macho nikaliona pazia la chumba chenu, lile la maua ya njano. Limetundikwa kwenye upinde. Upinde aliokutengenezea baba, Kombo, uko kwenye misumari miwili umebeba pazia, na upote wake umefunguliwa ncha moja na kufungia neti. Wifi aliniona nikitazama, akasema ni mti mzuri, haupindi. Sikukungoja. Nilimwambia kwaya inaniita.

Sijamwambia baba. Barua zako anaziweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na ile ya gunia ameisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika.

Mimi nina miaka thelathini na mitatu. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kumshikia ncha ya ufito akikwangua, na tangu hapo sijataka kitu kingine kwa namna hiyo. Nafundisha watoto wa chekechea asubuhi, mchana naingia nyuma ya zizi nakwangua vijiti kwa kisu cha kumenyea viazi, kama mwizi, nyumbani kwetu. Nimeshavunja kumi na moja. Najua vinavunjika, sijui kwa nini, na mtu anayejua amekaa hatua ishirini kutoka nilipo na hawezi kunifundisha kwa sababu yako.

Ana miaka sabini na minane. Sikuombi mengine. Panda basi la Noa, uje useme lile neno moja, ule wali, urudi.

Bertha


Mabawa, Tanga
15 Julai 2023

Bertha dada yangu,

Marahaba. Barua yako niliianza nimesimama, nikakaa, nikaianza upya. Tausi akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia bado.

Nikueleze la pazia. Fimbo ilivunjika, Tausi akauliza tutundikie nini, nikasema tumia ule upinde mpaka Ijumaa. Ijumaa ikapita. Sasa ni miaka mitatu na hakuna hata siku moja ambayo niliketi nikaamua kwamba mimi na upinde basi. Ningekuwa mtu wa kuamua, ningemwambia mzee zamani. Ilikuwa Jumamosi moja imenyesha. Iliyofuata kuna maulidi Ngamiani. Iliyofuata jua zuri, upepo hakuna, nikatoka, nikaenda Nguvumali kweli, nikatundika gunia, nikapiga mishale mitatu. Yote ikaingia. Nikaitazama, nikaingoja ile furaha. Unajua mimi zamani nikipiga vizuri nilikuwa narudi mjini naimba peke yangu barabarani hadi watu wanashuka baiskeli? Nikaingoja kama unavyongoja chafya ambayo umeshaifungulia mdomo. Haikuja. Nikakaa chini ya kivuli, nikala mhogo wangu wa kuchoma, nikarudi nyumbani. Mishale nikaiacha huko huko kwenye gunia. Sikuisahau, nisikudanganye. Niliiona uvivu kuichomoa.

Sikuumia bega. Sikugombana na mtu. Ingekuwa nimeumia ningekuwa na cha kusimulia.

Utauliza basi kwa nini namwandikia mzee uongo. Nikishika kalamu kumwandikia, narudi kuwa yule. Gunia naliona, umande naukanyaga, na Alexander anakuja na kiti chake, yeye ambaye kiti chake hakijawahi kutoka dukani. Hapa barazani mimi ni mtu wa kuchekesha, wananipenda, lakini hakuna anayenipa kitu nimshikie mpaka kesho. Meli niliacha. Sufuria niliacha. Niliwahi kufuga bata, nikawaacha wakaenda wenyewe kwa jirani. Kwa baba yako peke yake ndiko ambako sijaacha kitu. Nikilisema hilo neno lenu, yule Kombo wake hana pengine pa kuishi.

Najua hayo ni yangu, wewe yanakukalia kooni. Usimwambie, nakuomba kama kaka. Nitakuja mwenyewe mwezi wa nane. Vile vijiti kumi na moja vinaniuma kuliko pazia.

Kombo


Maramba
20 Septemba 2023

Kombo mwanangu,

Mwezi wa nane umepita. Sikuandikii kukugombeza. Harusi zina siku zake na safari zina siku zake.

Jana kikombe kiliniponyoka. Leo kisu. Mkono wa kulia unachoka kabla yangu, na mguu wa upande huo unaanza kuufuata. Natamani tuukwangue ule mti wakati mkono bado unaijua kazi. Usije na zawadi. Ukija na zile hadithi zako zinatosha, sizisikii lakini napenda kukutazama ukizisimulia.

Bertha haniulizi habari za upinde tena. Anapika, anafua, ananyamaza. Kimya nilichonacho kilikuwa kinanitosha.

Zabron


Mabawa, Tanga
12 Novemba 2023

Mzee wangu,

Shikamoo. Mvua hii unaiona. Noa anasema maji yamepita juu ya daraja na basi linageuzia njiani, abiria wanavuka na viatu kichwani. Mimi mtu wa meli, maji hayanitishi, lakini Tausi amenifichia viatu.

Mazoezi nayahamishia barazani. Nalenga kifungo cha shati la Alexander, na Alexander akiwa ndani yake. Mpaka sasa tuko salama wote wawili.

Mzee, kuna jambo nataka kukwambia, ila ni la uso kwa uso. Pumzisha mkono. Mvua ikikatika tu.

Kombo


Maramba
16 Januari 2024

Kaka Kombo,

Leo sina salamu. Baba alianguka Ijumaa akitoka kufunga mbuzi. Ni kiharusi. Mkono wa kulia umelala kabisa na mdomo umekwenda upande. Anaongea, naelewa nusu.

Daraja lilirekebishwa kabla ya Krismasi. Noa ndiye ameniambia. Hakujua kwamba anakusema.

Tulipomlaza kitandani neno la kwanza nililoelewa lilikuwa jina lako, kisha akaninyooshea dari la jiko kwa mkono wa kushoto. Anadhani ukija mtaukwangua. Nimebaki namwambia ndiyo kwa kichwa, nami nimekuwa mwongo kama wewe.

Ukija, njoo na lile neno. Ukija na vichekesho nitakurudisha barabarani mimi mwenyewe.

Bertha


Mabawa, Tanga
4 Februari 2024

Mzee wangu Zabron,

Shikamoo. Nimerudi salama juzi. Naandika kwa sababu pale kwako sikuweza kusema zaidi ya yale uliyoyaona mdomoni mwangu, na kwa sababu nimeshazoea kukuambia mambo kwa karatasi. Hii ya leo haina gunia.

Nilipoingia ulitabasamu kwa upande ule mmoja uliobaki, na kabla sijakaa ukamwamuru Bertha aushushe ufito. Ukanitaka nikuonyeshe kidole. Nilikificha mgongoni, mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Ukangoja. Nikakitoa. Ukakishika kwa mkono wako wa kushoto, ukakipapasa kama daktari, na kilikuwa laini kama cha karani. Hapo ndipo niliposema nimeacha. Nilisema polepole ili uone herufi zote. Bertha alikuwa mlangoni.

Uliniuliza lini. Neno hilo moja lilikuchukua muda mrefu kulitengeneza, na nikalielewa mara ya kwanza. Nikakuonyesha vidole vitatu. Miaka mitatu. Ukamtazama Bertha, ukarudi kunitazama, ukahesabu. Hukuniambia ulichokipata, lakini hata mimi hesabu hiyo naijua: ni mwaka ule ule Bertha alipokuomba mara ya kwanza, ukamwambia mkono umeshikwa. Ulikuwa haujashikwa na mtu, mzee. Ulikuwa umeshikwa na barua.

Nilitegemea unifukuze. Ukamwagiza Bertha alete msumeno, ukamsimamisha pembeni ya ule ufito, ukaupima kwa kimo chake, ukaweka ukucha pale ulipozidi. Shibiri moja na vidole viwili, urefu wangu mimi uliozidi juu ya wake. Msumeno ukanipa mimi. Ukasema, "Kata."

Nimekata kuni, nimekata nyama za wanyama ambao sikujua hata majina yao. Sijawahi kukata kitu kigumu namna ile. Moshi wa miaka mitano ulitoka kwenye unga wa mti nikaunusa. Wewe ulikuwa unautazama mkono wangu kuona kama nakata sawa, kama zamani, na nilipopinda kidogo ulinigonga kwa kidole. Mzee, nilipokuwa naukata nilitamani kuutengeneza. Baada ya miaka mitatu ile hamu ilinijia pale, msumeno ukiwa nusu ya mti. Sikusema. Nikaendelea kukata.

Nisamehe kwa miaka iliyopotea mkono wako ukiwa mzima. Sina cha kuilipia.

Kombo


Maramba
30 Juni 2024

Kaka Kombo,

Shikamoo. Asante kwa kuja kutuzikia baba. Siku ya mazishi nilitaka kukuuliza jambo, lakini ulikuwa umezungukwa na watu chini ya turubai, unawachekesha, na niliona wanahitaji. Mama mdogo alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Kwa hiyo nikaacha.

Tulipata miezi mitatu na nusu. Alifundisha kwa mkono wa kushoto na kwa macho. Nilichokosea alikipiga konzi, nilichopatia alifumba macho kidogo. Nimejifunza kwamba mgongo wa upinde, upande wa nje, hauguswi, kisu kinakaa upande wa tumbo tu. Nimejifunza kupasha moto juu ya makaa bila kuunguza, kupaka mafuta ya nyonyo, kusokota kano za ng'ombe kuwa upote. Ufito ule uko nusu. Tuliukwangua pamoja mpaka katikati ya mwezi wa nne, kidogo kidogo, yeye akinisimamisha kila mara.

Sasa ni hivi. Kila baada ya kukwangua alikuwa ananiambia nimpe, anauegemeza kwenye mfupa wa taya, chini ya sikio, anaupiga kwa ukucha wa kidole gumba, anatulia. Kisha anatikisa kichwa, bado. Nilimuuliza kwa kuandika anangojea nini. Alijaribu kunieleza siku mbili mfululizo, mate yakimtoka, na mimi sikuelewa hata neno moja, akakasirika akalia. Kuandika kwa kushoto hakuweza. Baada ya hapo kauli ikaenda yote, na mwezi wa tano ukatuchukulia yeye mwenyewe.

Naegemeza tayani mwangu. Napiga. Nasikia kitu, lakini sijui kama ndicho. Nikikwangua zaidi ya kiasi utavunjika kama vile kumi na moja, nikiacha mapema utakuwa gongo la kuchungia mbuzi. Mti mwingine nikiukata leo ni miaka mitano.

Wewe ulikaa naye miaka sita na mkono wake mzima na kauli yake nzima. Lazima alikuambia. Niandikie unalokumbuka, hata likiwa dogo.

Jambo moja zaidi. Mwezi wa tatu alinionyesha kitabu cha nyimbo, nikadhani anataka wimbo. Alikuwa anataka barua zako. Nilimfungulia ile ya gunia, nayo ilikuwa uongo mtupu, anajua sasa. Akaisoma. Alipofika kwenye upepo utakaoushtaki mabega yakamtikisika.

Bertha


Mabawa, Tanga
11 Julai 2024

Bertha dada yangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki nzima. Alexander amenifungia chumba cha nyuma dukani kwake ili watu wasije wakaniomba niwachekeshe. Nimeandika yote ninayoyakumbuka, na nimeyafuta yale niliyoyaongeza mwenyewe. Yaliyofutwa yalikuwa mengi.

Nakumbuka alisema usikwangue mti uliotoka juani muda huo huo, uache upoe kivulini kwanza. Nakumbuka kisu chake alikuwa hakinoi hadi mwisho, alikiacha na ukali wa kati, kikali sana kinakula kabla hujakiambia. Nakumbuka pale penye kifundo alikwangua kidogo kuliko pengine, akapaacha na kitumbo. Mara moja nilipasawazisha ili papendeze, akanipokonya. Nakumbuka alianza na mkono wa juu wa upinde, kisha wa chini, kwa zamu, na hakumaliza mmoja akiwa hajaugusa wa pili. Alikuwa akipinda ufito gotini na kuutazama dhidi ya ukuta uliopakwa chokaa, pale mlangoni penu, ili aone kama unapinda sawa pande zote mbili. Hili ni la kweli kabisa, nenda kautazame ukuta, utaona magoti yake yalipopachafua.

Ile ya tayani pia aliniambia.

Naikumbuka siku yenyewe. Mwaka wa pili wangu, mwezi wa saba, baada ya chakula, wewe ulikuwa Korogwe masomoni. Tuko nyuma ya jiko. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kama nusu hivi, ndiyo maana alianza kutumia mfupa. Akaupiga ufito kwa ukucha, akatulia, akaupiga tena, kisha akanigeukia ukiwa bado uko tayani. Akaniambia anachongojea. Yalikuwa maneno marefu, labda sentensi nne, na unamjua baba yako, kwake sentensi nne ni hotuba. Aliinua na kidole, akanionyesha sehemu fulani hapa chini ya sikio langu, akanigusa. Mdomo wake nauona ukienda hadi leo. Nyuma yake kulikuwa na kuku mweupe. Hata kuku nimemshika.

Ila mimi nilikuwa na hadithi. Ilikuwa ya mpishi mmoja wa Beira aliyeunguza nyusi zake zote mbili akajichora nyingine kwa masizi. Nilikuwa nimeishika mdomoni tangu wali ulipoletwa, na yeye akiongea mimi nilikuwa nangoja amalize. Akamaliza. Nikasema ndiyo mzee, nimeelewa. Kisha nikaisimulia, kwa sauti kubwa na kwa mikono yote miwili ili aipate. Aliipata. Alicheka mpaka akauweka ufito chini.

Nyusi za yule mpishi naweza kukuchorea hapa zilivyokuwa. Aliloniambia baba yako sinalo.

Kwa hiyo, Bertha, nimeacha nusu ukurasa hapo chini bila kuandika. Usidhani wino ulikwisha. Kwangua polepole, kidogo kuliko unavyotaka, na ukivunja, utakuwa umevunja ukisikiliza. Siku utakapolijua alilokuwa akilingojea, liandike hapo, kwa mkono wako, na ukae nalo. Usinitumie. Likifika huku litakuwa hadithi yangu.

Kombo